Hawapo, au walitolewa?

Karatasi aliitoa ndani ya daftari la takwimu, alikoihifadhi isikunjike. Akasogeza sahani ya kashata, akaitandaza mezani na kuipitisha kiganja kama anayepiga pasi. Juu kulia alikuwa amechora mzee mfupi mwenye masharubu, miwani ya fundi saa imepandishwa kwenye paji la uso, na aproni yenye mifuko saba. Niliihesabu. Chini ya picha: Kifundo. Umri, miaka 112. Kazi, fundi saa. Mbari, nomu, wale watu wadogo wa ngano za kizungu.

"Mjomba, nimemaliza," akasema. "Siku tatu nzima. Mama alidhani ni kazi ya chuo."

Mpwa wangu huyu ana miaka 20, na ndiyo kwanza alikuwa anajiunga na meza yetu ya Jumamosi, ya Dungeons & Dragons: mchezo wa kusimulia hadithi kwa dadu, kila mmoja na mhusika wake kwenye karatasi, na mimi ndiye mwendeshaji. Nilipaswa kumpongeza. Badala yake nikausoma ule mstari wa mwisho mara mbili, nikasema:

"Hakuna nomu kwenye dunia hii."

"Hawapo, au walitolewa?"

"Hawapo. Basi."

Wengine watatu mezani wakaanza ghafla kushughulika na dadu zao. Yeye akachukua kifutio, akafuta neno moja tu, akapuliza, akaandika "binadamu". Picha hakuigusa. Umri nao hakuugusa. Tukaanza mchezo tukiwa na binadamu wa miaka 112 mwenye kimo cha stuli, na mimi nikajifanya sijaona.

Wiki sita zimepita. Swali lile halijaondoka.

## Ladha ya kukosekana

Dungeons & Dragons huchezwa kwenye dunia nyingi za kubuni, na yetu ni Dark Sun. Si wote mmeicheza. Ilitoka 1991, kazi ya Timothy Brown na Troy Denning, na picha za Brom ambazo hadi leo nikifumba macho naziona. Dunia yenyewe inaitwa Athas. Jua ni jekundu, bahari imekauka ikabaki vumbi, miungu hakuna. Uchawi wa huko unanyonya uhai wa mimea, na waliotangulia waliunyonya mpaka ardhi ikawa jivu. Chuma ni adimu kiasi kwamba watu wanapigana kwa silaha za mifupa, na fedha yao ni ya udongo wa kuchoma, unaivunja vipande ukitaka chenji.

Elfi wa huko sahau wale wa msituni wenye vinanda. Hawa ni wakimbiaji wa jangwani, wachuuzi wanaoweza kukuuzia kobazi zako mwenyewe. Halflingi, watu wa nusu ya kimo chetu, wanakula watu. Na kuna orodha ya wasiokuwepo: nomu, orki na goblini (viumbe wakali wa ngano) na wengine wengi, ambao katika dunia nyingine za mchezo huu hupigi hatua tatu bila kuwakuta.

Niliipenda orodha hiyo kabla sijapenda kitu kingine chochote cha Athas.

Aliyewahi kutunga shairi atanielewa. Ukiandika tarbia umejifunga mwenyewe: mishororo minne, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Kuna maneno mazuri kabisa yatakaa nje kwa sababu yana silabi moja zaidi, na sijasikia msomaji akilalamika kwamba neno fulani limeonewa. Shairi linapata sauti yake kwa kile lilichokikataa.

Ndivyo nilivyojitetea wiki ya kwanza.

Lakini neno haliji nyumbani kwako Jumamosi jioni limebeba daftari.

## Tunaliitaje jambo lenyewe

Kwa Kiingereza, mchezo huu uliziita mbari hizi kwa karibu miaka 50 "race", neno lile lile wanalolitumia wakizungumzia weusi na weupe. Mwishoni mwa 2022 wenye mchezo, Wizards of the Coast, walitangaza kwamba wataliacha, na kitabu cha wachezaji cha 2024 sasa kinasema "spishi". (Sisi tuliosoma baiolojia ya sekondari tukisikia spishi tunaona vyura.)

Mezani kwetu tulihangaika. "Elfi" ilipita kwa taabu, maana kila mtu alikuwa akisikia "elfu": elfi watatu wakija ni wageni, elfu tatu wakija ni jeshi. "Mbilikimo" niliikataa mwenyewe. Ni jina walilobandikwa watu halisi, walio hai, wa misitu ya Kongo, na sikulitaka kwenye karatasi ya dadu. "Kabila" lilidumu robo saa. Mwenzetu mmoja, Mkenya, alisema neno hilo anashindiliwa kila mwaka wa uchaguzi, na wikiendi angependa kupumzika.

Tukaangukia "mbari". Neno safi, la kamusi, halina ugomvi na mtu. Nikalichapa kwenye karatasi zote.

Kisha wiki ya pili, usiku, naosha vyombo, nikakumbuka ni wapi hasa sisi watu wa kawaida tunakutana na neno hilo. Sokoni halipo. Kwenye nyimbo sijalisikia. Tunalijua kwa sababu limejificha ndani ya maneno matatu ya taarifa ya habari, yanayorudi kila Aprili.

Mauaji ya kimbari.

Nikasimama na sufuria mkononi, maji yanamwagika bure.

## Aliyewaua ana jina

Maana hicho ndicho kilichowapata nomu.

Sanduku la 1991, lile la kwanza la Dark Sun, halikueleza kisa. Wachezaji wa mwanzo walijua tu kwamba mbari fulani haziko, kama nilivyosema mimi, basi. Ukweli ulikuja baadaye, kidogo kidogo, na nilikuwa nimeusoma zamani kisha nikausahau kama mtu anavyosahau habari isiyomgusa. Mchawi mmoja wa kale, Rajaat, aliamua kwamba Athas ni ya halflingi peke yao kwa kuwa wao ndio waliokuwepo mwanzo, na wengine wote ni uchafu wa kuondolewa. Akateua binadamu wenye nguvu, akampa kila mmoja mbari yake ya kumaliza. Vita vyenyewe viliitwa vya Utakaso. Sidhani kama katika ukanda wetu jina hilo linahitaji maelezo.

Kila bingwa alikuwa na sifa yake, mithili ya cheo. Borys alikuwa Mchinja Dwafi, wale watu wafupi wenye nguvu. Hamanu, Mchoma Matroli, yaani majitu. Walipogundua kwamba binadamu nao wamo kwenye hesabu za Rajaat, wakamgeuka, wakamfungia, wakabaki na miji. Ndio wafalme wachawi ambao wachezaji wanawakuta leo kwenye viti vya enzi.

Wa nomu alikuwa Gallard. Siku hizi anaitwa Nibenay, na mji wake una jina hilo hilo. Upo kwenye ramani. Unaweza kwenda ukanunua maji, ukalala, ukaondoka asubuhi. Matempla wake, yaani wale wanaotawala kwa niaba yake, wote ni wanawake na wote ni wake zake. Raia wa kawaida anaweza kuzaliwa na kufa pale bila kumtia machoni.

Nikaisoma upya ile orodha niliyoipenda. Dwafi wanachezwa kwa sababu Borys aliacha kazi njiani. Matroli hawapo kwa sababu Hamanu hakuacha. Miaka yote nilidhani naangalia uteuzi wa msanii mwenye ladha, kumbe naangalia daftari la mahudhurio ya wauaji: nani alimaliza, nani alikatizwa.

Mpwa wangu aliuliza swali sahihi ndani ya sekunde mbili, kabla hajajua hata jina la dunia. Mimi mwenye rafu nzima ya vitabu nikamjibu "basi".

## Kenderi, au jinsi nilivyodanganya

Ningependa kusema makatazo yangu yote yana kina hicho.

Miaka kadhaa nyuma niliendesha Dragonlance, dunia ya 1984 isiyo na orki wala halflingi. Mahali pa halflingi wapo kenderi, watu wadogo wasiojua hofu, wenye udadisi wa kitoto, na mikono inayookota vya wenzao bila wenyewe kuelewa kwamba huo ni wizi. Nikatangaza kuwa katika simulizi yangu kenderi hawapo. Nikatunga mpaka tauni iliyowamaliza, na ramani ya makaburi, nikijiona fundi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na mchezaji mmoja aliyezoea kuwaibia wenzake kila baada ya dakika kumi, kisha anacheka: "Si mimi, ni mhusika wangu." Nilishindwa kumwita pembeni nikamwambia aache.

Nikaua taifa zima ili nisizungumze na mtu mmoja.

Tangu nikumbuke hilo nimekuwa najiuliza ni makatazo mangapi ya meza zetu ni ya namna hii. Siwapendi. Nimechoka nao. Kanuni zao ni ndefu na mimi nina kazi Jumatatu. Hizo zote kwangu ni sababu halali, na mchezaji akiambiwa hivyo kwa simu siku tatu kabla hajachora mifuko saba, hakasiriki. Anachokasirikia ni kuona uvivu wako umevishwa kanzu na joho ukaitwa historia.

Hata wenye mchezo hawajasalimika. Toleo la nne lilipotoka 2008, nomu hawakuwemo kwenye kitabu cha wachezaji. Walikuwa kwenye kitabu cha mazimwi. Ilitengenezwa hata katuni ya kujicheka, nomu akinguruma kwamba yeye sasa ni zimwi. 2009 wakarudi kupitia kitabu cha pili cha wachezaji. Hapakuwa na Gallard wala vita. Walitolewa mlango mmoja wakaingizwa mwingine. Na kwenye kitabu cha 2024 waliokosekana ni machotara, nusu-elfi na nusu-orki, ambao 2014 walikuwemo. Wenye vitabu vya zamani bado wanawacheza. Lakini mtu ambaye babu yake ni wa huku na bibi yake ni wa kule anaisoma orodha hiyo kwa jicho lake.

## Na wale wa ruksa kwa wote

Kitabu cha kwanza kabisa, 1974, kilisema hakuna sababu ya kumzuia mchezaji kuwa karibu kiumbe chochote, hata joka, mradi aanze akiwa mdogo na dhaifu. Kitabu hicho hicho kilimwekea halflingi kikomo: ngazi ya nne, hapandi zaidi. Karibu ndani, ila kiti chako kimekatwa miguu. Kufikia 1979 Gary Gygax, mmoja wa waliouanzisha mchezo, mwenyewe alikuwa anawatahadharisha waendesha mchezo juu ya wanaotaka kucheza mazimwi. Binadamu ndiye awe kipimo cha dunia.

Sikubaliani naye sana, ila namwelewa. Nimewahi kukaa kwenye meza ya ruksa kwa wote. Tuliingia kilabu cha pombe cha kijijini: mtu-kobe, mtu-paka, mwenye damu ya jini la maji, na mzaliwa wa joka anayetoa moshi puani. Mwenye kilabu hakuinua macho. Akauliza tunakunywa nini. Mimi ndiye niliyekuwa kobe, na niliumia kweli. Kama mwanakijiji hashangai, gamba nimelibeba la nini?

Si lazima iwe hivyo. Eberron, dunia ya Keith Baker ya 2004, iliahidi kwamba chochote kilichomo kwenye mchezo kina mahali pake humo, na ikalifanyia kazi neno lake. Goblini wakapewa himaya kubwa iliyoanguka kabla binadamu hawajafika. Orki wakawa ndio walioifunga milango ya viumbe wa kutisha kutoka nje ya dunia. Ruksa ile ilimtoa Baker jasho kuliko katazo langu lilivyonitoa mimi.

Hata hivyo bado nina mlango mmoja ninaoufunga bila aibu. Kwenye dunia yangu ya pwani, ambayo sijaimaliza na huenda nisiimalize, majini wapo lakini hawachezwi. Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jini naye, ukishajua ana pointi ngapi za uhai, amekuwa jirani. Bibi yangu hata jina lao alikuwa halitaji baada ya magharibi. Mimi nani nimpe mchezaji karatasi yao aijaze kwa kalamu?

Mpwa wangu akiniuliza hawa nao kama walitolewa, nitamjibu ndiyo, nimewatoa mimi, na sababu ni bibi.

## Nilimpigia simu

Wiki ya nne. Nilikuwa nimejiandaa kama naenda kwenye usaili, nimeandika pembeni. Nikamweleza Rajaat, Utakaso, Gallard. Nikamwomba radhi kwa ile "basi". Kisha nikatoa zawadi niliyoiandaa: Kifundo arudi kuwa nomu. Nomu wa mwisho. Aliyenusurika peke yake, asiyejua wenzake walikwenda wapi.

Kimya. Upande wake bodaboda ikapita.

"Mjomba, asante. Lakini akiwa wa mwisho, si atakuwa na huzuni kila Jumamosi?"

"Huo ndio uzuri wake."

"Mimi nilitaka fundi saa."

Nilikaa na simu mkononi hata baada ya yeye kukata. Mwezi mzima nilikuwa nimetembea na mauaji ya kimbari kichwani, nikijiona nakomaa, na yeye alichotaka tangu mwanzo ni mzee mwenye mifuko mingi anayetengeneza vitu vidogo. Mara ya kwanza nilimnyang'anya huyo mzee kwa kumkataza. Mara ya pili nilikuwa natabasamu, namnyang'anya tena, safari hii kwa kumpa msiba.

Nimejaribu kuipatia hii jina la kanuni, imekataa. Nilidhani swali ni kama dunia inaruhusu au hairuhusu nomu. Yeye alikuwa anauliza kitu kidogo zaidi, kama kuna mahali kwenye dunia yako pa mtu wa namna hii, na angeridhika na jibu lolote ambalo lingemwangalia usoni.

Kuna moja bado linanisumbua. Mezani petu yupo ambaye kwake Aprili haiji kwa taarifa ya habari, ameizika nyumbani. Nilimfuata pembeni nikamuuliza kama tuendelee na Athas, au tutafute dunia nyingine ambayo Jumamosi haitiwi maangamizi kama kiungo cha mchuzi. Alifikiri kidogo. Akasema tuendelee, ila nisiwape wale wafalme sababu nzuri. Nimelishika hilo. Sijui kama linatosha.

Kifundo amebaki binadamu. Miaka yake ni 112 na tumekubaliana asiulizwe. Kwa kuwa chuma ni adimu, anatengeneza saa za mchanga. Mchanga Athas haujawahi kuadimika. Mifuko yote saba ina kazi. Mmoja una mchanga mwekundu wa dakika, mwingine mweupe wa saa, wa tatu una kashata, na hilo nalo niliambiwa nisiliulize.

Jumamosi iliyopita walifika Nibenay. Walishuka kwenye kisima cha zamani kutafuta maji wakakuta ukuta, nyuma ya ukuta ngazi, na mwisho wa ngazi karakana. Nikawasomea: milango inafika kifuani. Meza za kazi ziko usawa wa goti. Juu ya mojawapo kuna patasi yenye mpini mwembamba kama kidole cha mtoto, na mpini umelika upande mmoja, mahali palipokaa gumba la mtu kwa miaka mingi.

Mpwa wangu akaacha kutafuna. Kifundo akapanda ngazi, akamtafuta templa aliyekuwa zamu kisimani, akamwonyesha ile patasi.

"Hawa wenye milango mifupi walikuwa nani?"

Ilibidi nimjibu kwa sauti ya templa, na templa wa Nibenay ana jibu moja tu.

"Hakuna watu wa hivyo," nikasema. "Hawajawahi kuwepo. Basi."

Aliniangalia mimi, hakumwangalia templa. Kisha akaokota dadu ya pande 20.

"Nataka kujua kama anadanganya."

Dadu ikabiringika, ikagota kwenye sahani, ikasimama. 19.

"Anadanganya," nikamwambia.